Kufuli Linaloijua Simu Lisimjue Mwenye Simu

Mwaka 2008 nilikuwa na meza ya kutengenezea simu Ngamiani, mjini Tanga. Alasiri moja alikuja mama mmoja aliyekuwa amerejea kutoka Muscat, alikokuwa akiishi kwa binti yake, akaweka mbele yangu simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, kioo chake kimeingia maji na kuacha doa jeusi lililokuwa likitambaa kutoka pembeni. Ya pili ilikuwa mpya, bado ina nailoni kwenye kioo, zawadi ya safari. Aliniomba nitoe kila kilichomo katika ile kuukuu nikitie katika ile mpya, kisha ile kuukuu aniachie kwa ajili ya spea.

Kazi ilikuwa nyepesi. Majina yalihama, picha za wajukuu zikahama, na nyimbo nilizirusha kwa blututhi mmoja baada ya mwingine huku mama akinitajia asili ya kila wimbo: huu alirushiwa na mpwa wake harusini, huu aliupata kwa jirani, huu hakumbuki ulitoka wapi. Zote zilipita. Tulipofika kwenye nyimbo tano za taarabu ambazo alizinunua mwenyewe akiwa Muscat, kwa salio la laini ya huko, simu ilikataa. Kila nilipojaribu ulitokea ujumbe kwamba faili limelindwa na haliwezi kutumwa. Nilijaribu kwa waya, nikajaribu kwa memori kadi. Faili lilihama, lakini simu mpya haikuweza kulifungua. Mama akanitazama, akasema, "Mwanangu, yaani nilizozilipia ndizo zinazokataa, na za bure zimepita?"

Nilimjibu kwamba zimefungwa na kwamba mimi sina ufunguo wake. Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikuwa jibu la swali lake. Yeye aliuliza kwa nini malipo yake yamemweka pabaya kuliko mtu ambaye hakulipa kitu, na mimi wakati huo sikuwa na elimu ya kumweleza. Nimeendelea na kazi hii kwa miaka mingi tangu siku ile, nimesoma nyaraka za kiufundi kwa shida na kwa kamusi, na mara nyingi lililonisukuma ni swali la yule mama. Naandika makala haya kwa sababu naamini sasa naweza kulijibu, na kwa sababu kufuli lile halijaondoka. Limehamia ndani zaidi ya simu, mahali ambapo fundi hafiki kwa bisibisi wala kwa kompyuta.

Mwezi Juni 2002 kampuni za mawasiliano, watengenezaji wa simu na kampuni za programu waliunda umoja ulioitwa Open Mobile Alliance, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuandika kanuni za pamoja za kulinda maudhui yaliyokuwa yakiuzwa kupitia simu. Wakati huo maudhui hayo yalikuwa madogo kwa ukubwa: milio ya simu, picha za skrini, michezo ya Java. Biashara yake hata hivyo ilikuwa kubwa, kwa kuwa mlio uliuzwa kwa salio, palepale, bila benki na bila kadi. Hofu ya wauzaji ilikuwa blututhi. Mtu mmoja akinunua mlio asubuhi, kufikia jioni mtaa mzima ungekuwa nao.

Kanuni za kwanza zilitoa njia tatu za ulinzi, na iliyomkuta mama ilikuwa ya kwanza na nyepesi kuliko zote. Faili linatumwa likiwa limevishwa bahasha, na juu ya bahasha pana alama inayoiambia simu: cheza, lakini usimpe mwingine. Wimbo wenyewe ndani ya bahasha haukuhitajika kusimbwa, yaani kugeuzwa usisomeke bila ufunguo, hivyo ulinzi wote ulitegemea utii wa simu. Mtengenezaji ndiye aliyeahidi kwamba kifaa chake kitaisoma alama ile na kukataa kutuma. Ili ahadi hiyo isivunjwe kwa kuchomoa memori kadi, simu nyingi zikishalipokea faili la namna hiyo zilikuwa zikilihifadhi likiwa limesimbwa kwa ufunguo wa simu hiyo moja peke yake, na ndiyo maana simu mpya ya mama ililiona faili lakini haikuona wimbo ndani yake.

Njia ya pili ilituma wimbo pamoja na cheti cha haki katika ujumbe mmoja. Cheti kiliweza kusema kwamba wimbo uchezwe mara tatu tu, au hadi tarehe fulani, au kwa siku saba tangu mara ya kwanza ulipochezwa. Njia ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Wimbo ulisimbwa kwa ufunguo wa biti 128, kisha ukaachwa uende utakako, urushwe harusini kama nyimbo nyingine zote, ila kila aliyeupokea alitakiwa kununua cheti chake, nacho kilikuja peke yake kwa njia ya ujumbe wa simu. Naiheshimu kwa sababu iliwapokea watu kama walivyo. Ilijua kwamba wimbo mzuri hutembea kwa kupeana, ikajaribu kumlipa mwenye wimbo kila unapotembea, badala ya kuuzuia usitembee. Udhaifu wake ulikuwa kwamba katika toleo lile la kwanza ufunguo ulikaa ndani ya cheti bila kufichwa, kwa hiyo aliyeweza kukisoma cheti alikuwa amekwisha kuupata wimbo.

Toleo la pili, lililoidhinishwa mwaka 2006, liliziba tundu hilo. Kila simu ilipewa ufunguo wake na hati yake ya utambulisho tangu kiwandani, na leseni ya wimbo ikafungwa kwa namna ambayo ni simu hiyo tu ingeweza kuifungua. Humo katika toleo la pili mna kipengele ambacho nilipokifikia nilisimama nikakisoma tena. Waandishi wake waliweka utaratibu wa kundi la vifaa: mtu aliweza kuandikisha simu zake kadhaa ziwe kama nyumba moja, na leseni iliyonunuliwa kwa ajili ya nyumba hiyo ikafunguka katika kila simu iliyomo. Maana yake ni kwamba waliojenga makufuli haya walilijua swali la mama wa Muscat, wakaliandikia dawa. Dawa hiyo ilibaki kwenye karatasi. Katika simu zote zilizopita mezani kwangu miaka ile sikuwahi kukutana na hata moja ambayo mwenyewe alielekezwa namna ya kuandikisha kundi la vifaa vyake, wala sikumwona muuzaji wa nyimbo aliyelitaja jambo hilo kwa mteja.

Kuna sababu nyingine iliyofanya mfumo ule usishike mizizi, nayo inaudhi kidogo ukiitafakari. Mwezi Januari 2005 kampuni iitwayo MPEG LA, iliyowakilisha wenye hataza za teknolojia hiyo, ilitangaza kwamba kila simu yenye kufuli la toleo la kwanza italipiwa dola 1 ya Marekani, na kila muamala utakatwa asilimia 1. Kampuni za mawasiliano zilipiga kelele, na baada ya miezi michache kiwango kikashushwa. Hata hivyo hoja ilikwisha kujionyesha: kulinda wimbo kulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ilitoka katika chungu kilekile alichokuwa akilishia msanii familia yake, yaani bei ya wimbo.

Muziki ulifunguliwa mapema kuliko nilivyotarajia. Tarehe 6 Februari 2007 Steve Jobs wa Apple alichapisha barua ya wazi akieleza kwamba katika mwaka 2006 maduka ya mtandaoni yaliuza nyimbo zenye kufuli zisizofika bilioni 2, wakati kampuni hizohizo za muziki ziliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 kwenye CD zisizo na kufuli lolote. Hesabu hiyo haikuwa na majibu. Mwezi Aprili mwaka huo kampuni ya muziki ya EMI ilikubali kuuza nyimbo zake bila kufuli, na mwezi Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo zote za duka lake zitauzwa wazi. Kufuli la wimbo ulionunuliwa lilikuwa limemzuia mnunuzi mwaminifu kwa miaka sita, huku nyimbo zilezile zikipatikana wazi kwenye kila CD dukani.

Hapa lazima niseme jambo linalonihusu mimi mwenyewe, kwa kuwa sitaki msomaji adhani kwamba nazungumza kama mtu asiye na hatia. Kuanzia mwaka 2009 hadi mwaka 2013 hivi, sehemu kubwa ya kipato changu ilitokana na kujaza nyimbo kwenye memori kadi. Nilikuwa na kompyuta moja yenye maelfu ya nyimbo, na mteja alinipa kadi na shilingi 1,000, akaondoka na muziki wa miezi mitatu. Hakuna hata senti moja iliyomfikia mwimbaji. Mmoja wa waimbaji hao alikuwa rafiki yangu tangu shuleni, aliyerekodi nyimbo nane kwa fedha aliyokopa kwenye kikundi cha mama yake, na siku moja alisimama upande wa pili wa meza yangu akinitazama nikimjazia mteja nyimbo zake. Hakusema neno. Nilimwomba radhi baadaye, lakini radhi haikulipa deni la kikundi.

Mwaka 2013 Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye diski za muziki na filamu, ili diski halali itambulike kwa macho. Lilikuwa wazo zuri lililochelewa, kwani wakati stempu zinaanza kubandikwa, wateja wangu walikuwa wamekwisha kuacha diski. Hakuna mahali pa kubandika stempu kwenye wimbo uliomo ndani ya kadi ndogo kama ukucha. Kwa hiyo sisemi kwamba kazi ya msanii isilindwe. Nimekuwa upande wa mwizi, na naijua sura ya aliyeibiwa. Ninalosema ni kwamba makufuli niliyoyaona hayakuwahi kunizuia mimi. Kompyuta yangu haikuwa na hata faili moja lenye kufuli. Yalimzuia mama.

Filamu haikufuata njia ya muziki. Wenye filamu waliona kwamba njia yao ya mbele ni kukodisha kwa mwezi, na kinachokodishwa huhitaji kufuli ili kirudi muda wa kukodi unapokwisha. Hapo ndipo lilipoingia kufuli ambalo leo limo karibu katika kila simu ya Android: Widevine, kazi ya kampuni ya Seattle iliyonunuliwa na Google mwezi Desemba 2010.

Widevine hupanga vifaa katika ngazi tatu, L1, L2 na L3, na kwenye simu zinazokutana nasi mezani ni L1 na L3 tu. Simu ya L1 ina chumba cha siri ndani ya prosesa yake, kilichotengwa na mfumo wa kawaida wa simu. Ufunguo wa kifaa huwekwa humo kiwandani. Unapobofya filamu, simu huomba leseni kwa seva, yaani kompyuta ya mwenye huduma, seva hujibu kwa ujumbe ambao chumba kile tu kinaweza kuufungua, na picha za filamu hufumbuliwa humohumo na kupelekwa kwenye kioo bila programu nyingine yoyote kuzigusa njiani. Ndiyo sababu ukijaribu kupiga picha ya skrini wakati filamu inacheza unapata mraba mweusi: picha ile haikuwahi kupita mahali ambapo programu ya kupiga skrini inaweza kuichukua. Simu ya L3 haina chumba hicho, au inacho lakini hakiaminiwi, na kazi yote hufanywa na programu ya kawaida. Huduma nyingi za filamu hazimnyimi kabisa mtu wa L3, ila humpa picha ya ubora wa chini, kwa kawaida mistari 480, hata kama kioo cha simu yake kina uwezo mara mbili au zaidi ya huo na hata kama ada anayolipa ni ileile ya mwenzake.

Nilijifunza ngazi hizi kwa njia chungu. Mwaka 2019 mwanafunzi mmoja wa chuo aliniletea simu iliyokuwa nzito mno, na kwa ridhaa yake nikafungua butiloda, yaani programu inayoiwasha simu na kuzuia isiwekewe mfumo usio wa kiwandani, nikaiflashi kwa mfumo mwingine mwepesi. Simu ikawa kama mpya. Baada ya siku nne alirudi akiwa amekasirika, akisema kwamba nimemchomolea kioo chake halisi na kumwekea feki. Alinionyesha filamu: kweli, picha ilikuwa na ukungu, nyuso hazina kingo. Lakini video aliyoipiga kwa simu hiyohiyo ilikuwa safi. Nilikaa usiku mzima nikitafuta, hadi nilipopakua programu ndogo ya kuonyesha hali ya ulinzi wa kifaa na kuona imeandika L3. Nilipofungua butiloda, chumba cha siri kiliacha kuiamini simu. Mteja wangu hakuwa ameiba filamu, alikuwa amelipia mwezi kwa fedha ya mkopo wa masomo, na kosa lake lilikuwa kumpa fundi simu aitengeneze. Nilihifadhi picha zake, nikarudisha mfumo wa kiwandani, nikafunga butiloda, hatua ambayo hufuta kila kilichomo kwenye simu, na L1 ikarejea. Akarejea pia na simu yake nzito.

Simulizi za namna hii zipo hata kwa walionunua simu mpya na wasioigusa. OnePlus ilitoa simu zake za OnePlus 5 na 5T mwaka 2017 zikiwa na L3 tu, na wanunuzi wakagundua kwamba filamu walizolipia haziwezi kuonekana kwa ubora wa kioo walichokinunua. Mwanzoni mwa mwaka 2018 kampuni hiyo ilikubali kurekebisha, lakini ufunguo wa L1 haukuweza kutumwa kwa njia ya mtandao: simu yenyewe ilipaswa kusafirishwa hadi kwa kampuni ili iunganishwe na kompyuta iliyoidhinishwa. Hebu fikiria mtu wa Lindi au wa Bukavu akiambiwa apeleke simu yake ng'ambo kwa posta ili aione filamu vizuri. Nayo Sony iliwaonya waziwazi wenye simu za Xperia kwamba wakifungua butiloda, funguo za ulinzi zitafutwa na baadhi ya kazi za simu zitapotea. Wenye simu kadhaa za ukoo huo wakakuta kwamba kamera nayo imeathirika, picha za usiku zimejaa chembechembe, kwa kuwa programu ya kusafisha picha ilikuwa imefungwa kwa funguo hizohizo. Kamera haina uhusiano wowote na haki za mwenye filamu. Kufuli lililowekwa kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine lilikuwa limeshika mali ya mwenye simu.

Na wale ambao kufuli liliwekwa kwa ajili yao? Mwezi Januari 2019 mtafiti wa Uingereza, David Buchanan, alitangaza kwamba amelivunja Widevine la L3, na filamu mpya hazijawahi kuacha kuvuja. Anayevunja huvunja mara moja, mahali pamoja, kwa utaalamu mkubwa, na nakala aliyoipata haina kufuli tena. Kutoka hapo inasafiri bure hadi kwenye vibanda vya kujaza filamu, ambako hakuna mtu anayeulizwa kama simu yake ni L1.

Ukweli huu unauma zaidi kwetu kwa sababu ya maisha ambayo simu huishi huku. Kufuli linadhani kwamba mtu mmoja ana simu moja, kwamba simu ikiharibika atanunua nyingine kama ile, na kwamba intaneti ipo muda wote. Simu ya Tanga hununuliwa ikiwa imetumika Dubai, huazimwa na kaka, hupokewa na mdogo, huwekwa rehani na kukombolewa, hubadilishwa kioo, hubadilishwa bodi. Bodi ikibadilishwa, chumba cha siri kimebadilishwa pamoja nayo, na kila leseni iliyokuwa imepakuliwa humo imekwenda na bodi iliyokufa. Mtu aliyepakua filamu kwa bando la usiku ili aiangalie safarini hukuta kwamba leseni imekwisha muda na simu inataka kurudi kwenye seva kuomba tena, naye yuko njiani kati ya Segera na Mombo bila mtandao wa maana. Mwenye nakala ya bure haambiwi hivyo.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, na presha ya macho imemwondolea uwezo wa kuona. Simu yake humsomea kwa sauti kila kilicho kwenye skrini, na kwa miaka michache amesoma magazeti na barua kwa njia hiyo bila kumtegemea mtu. Alipotaka kusoma kitabu kimoja cha historia, alimwomba binti yangu amnunulie kupitia programu ya vitabu, akalipa kwa simu. Kitabu kilipofunguka, simu ilinyamaza. Kurasa zilikuwa zimefungwa hivi kwamba maneno yake hayawezi kunakiliwa, na kwa programu ile, kumsomea kipofu na kunakili vilikuwa kitu kimoja. Niliketi naye, nikabofya kila kitufe kilichokuwapo. Kwa ujuzi wangu ningeweza kutafuta namna ya kulivunja kufuli lile, na nakiri kwamba nilitamani.

Sheria ndiyo iliyonifanya nisite. Mkataba wa hakimiliki uliopitishwa Geneva tarehe 20 Desemba 1996 uliyataka mataifa yaliyojiunga yazuie kuvunjwa kwa ulinzi wa kiteknolojia uliowekwa na wenye haki. Marekani ikatunga sheria yake mwaka 1998, na Kenya ikaingiza katazo kama hilo katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Chini ya sheria za namna hii kulivunja kufuli ni kosa linalosimama peke yake, hata kama uliyelivunja umelipia kilichomo ndani. Marekani ilijiwekea mlango wa kupumulia: kila baada ya miaka mitatu hupitia upya orodha ya mambo yanayoruhusiwa, na humo wamewahi kuruhusiwa vipofu kufungua vitabu vya kielektroniki ili visomwe kwa sauti, na tangu mwaka 2010 wenye simu kuzifungua ili waweke programu wanazozitaka. Kwa vipofu wa dunia nzima kuna Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017, na Tanzania nayo imejiunga. Kifungu chake cha 7 kinaeleza kwamba nchi zinazolinda makufuli lazima zihakikishe ulinzi huo haumzuii asiyeona kupata haki aliyopewa na mkataba. Nilimsomea mjomba kifungu kile kwa sauti. Akaniambia nikisome tena polepole, kisha akauliza ni wapi katika simu yake pa kukibonyeza. Sikuwa na mahali pa kumwonyesha. Kitabu alisomewa na binti yangu, sura moja kila jioni.

Liko pia suala la umri wa kufuli, ambalo wanunuzi hawaelezwi. Leseni hutegemea seva, na seva hutegemea biashara ya mtu. Yahoo ilipofunga duka lake la muziki mwaka 2008, ilizima pia seva za leseni, na aliyebadilisha kompyuta baada ya hapo hakuwa na pa kuomba ufunguo wa nyimbo alizonunua. Microsoft ilifunga duka lake la vitabu mwezi Aprili 2019, na kufikia Julai vitabu vyote vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka. Ilirudisha fedha za wanunuzi, na waliokuwa wameandika maelezo yao pembezoni mwa kurasa wakaongezewa dola 25. Naiona kuwa ni haki zaidi kuliko kuzima kimya kimya. Lakini kitabu cha karatasi alichonunua babu yangu mwaka 1961 bado kiko kabatini, na duka alikokinunua lilikwisha kubomolewa.

Ningependa mambo mawili, na sidhani kwamba ni makubwa. La kwanza ni kwamba anayeuza aseme kwa Kiswahili, kabla ya kupokea fedha, kama anauza au anakodisha, kwa muda gani, na katika simu ngapi. Neno "nunua" lisiandikwe kwenye kitufe ambacho kinampa mtu ruhusa inayoweza kuondolewa. La pili ni kwamba stakabadhi imfuate mtu. Nchini mwetu laini husajiliwa kwa alama za vidole, na mtu hurudishiwa namba yake ndani ya muda mfupi laini inapopotea, pamoja na fedha zake zote za kwenye simu. Ikiwa shilingi zangu zinaweza kunifuata kutoka simu iliyoibiwa hadi simu ya kuazima, wimbo nilioununua unaweza kunifuata pia. Kundi la vifaa la mwaka 2006 lilikuwa limekaribia hapo.

Siku hizi, kabla sijagusa mfumo wa simu ya mteja, huifungua ile programu ndogo nikaangalia ngazi ya ulinzi. Kwenye karatasi ya kazi, chini ya jina na aina ya simu, nimeongeza mstari: "Kazi hii inaweza kupunguza ubora wa filamu katika programu za kulipia na kufuta ulivyopakua. Umeelezwa na umekubali?" Mwezi uliopita dada mmoja anayeuza vitenge sokoni aliusoma mstari ule, akaniuliza maswali mengi, nami nikamjibu yote niliyoyajua. Alifikiri kwa muda, akachukua simu yake, akairudisha mkobani bila kuitengeneza.

Na yule mama wa Muscat hakuniachia simu kuukuu kwa ajili ya spea kama alivyokusudia. Niliisafisha kutu, nikambadilishia spika bila malipo, akaondoka nazo zote mbili: mpya ya kupigia, kuukuu ya nyimbo tano.